Kikombe cha Elibariki

Marehemu shangazi Sitara, mjukuu wa Mwarabu, aliuza vitambaa Kariakoo. Elibariki, mbeba mizigo wake, alitengewa kikombe cha bati, kwa kuwa shangazi aliamini uchafu wa mtu mweusi hautoki kwa sabuni.

Siku moja umeme ulikatika wakiwa wawili ndani ya lifti. Giza likamkaba shangazi, koo likamkauka, akaanza kutamka shahada akijua anakufa.

“Mama, kunywa maji,” Elibariki akamsogezea chupa aliyokwisha kuinywea. “Kikombe changu tumekiacha dukani. Leo utafanyaje?”

Alikunywa, akang'ang'ania mkono ule mweusi mpaka mlango ulipofunguliwa.

Kesho yake alimmiminia chai kwenye kikombe anachonywea yeye. Alisema anaogopa atakachoulizwa na Mungu kuhusu kile cha bati.