Mjumbe wa Basi la Jumapili

Mtaani kwetu, kusini mwa Minneapolis, chama kilikuwa kimoja. Vingine vilikuwepo kwenye karatasi ya kura kama kachumbari kwenye sahani ya pilau: vipo, lakini hakuna aliyevijia. Wenyeji wa zamani walikuwa wakitania kwamba chama chao kikisimamisha ngazi igombee, ngazi itaapishwa. Mbunge wetu wa bunge la jimbo alilijua hilo, kwa hiyo hakujisumbua kupanda ngazi za maghorofa yetu. Tulikuwa tumeyajaza, Watanzania, Wakenya, Wasomali, na bado kampeni zake zilituruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Majira ya baridi kabla ya uchaguzi wa jimbo, tangazo likabandikwa kituoni: basi la Jumapili litaondolewa. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada wa Kikenya, alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko Bloomington, na zamu aliyoajiriwa nayo ilikuwa ya Jumapili. Basi likienda, kazi inaenda nalo.

"Sasa nita-drive nini, kaka? Troli ya supamaketi?"

Mimi kazi yangu ilikuwa kununua glavu na sindano za hospitali. Nilikuwa nalipwa kukataa bei ya kwanza. Nikamwambia tangazo lile nalo ni bei ya kwanza.

Chama kilikuwa kinamuidhinisha mgombea kupitia wajumbe, na wajumbe walikuwa wanachaguliwa kwenye kikao cha mtaa, jioni moja, shuleni. Mpiga kura yeyote wa eneo hilo angeweza kuja. Kwetu huo ndio ulikuwa uchaguzi. Novemba ilikuwa sherehe tu. Tukakutana sebuleni kwangu, wote wenye uraia, tukapanga kama kamati ya harusi: nani analeta chapati, nani ana gari, nani anakuwa mjumbe. Tukamtaja dada. Alikataa mara tatu, kama inavyotakiwa. Ya nne akanyamaza, tukahesabu amekubali. Mimi ndiye ningesimama kumpendekeza.

Siku ya kikao tulikuwa kumi na wanne kati ya watu thelathini na mmoja. Nilihesabu nikiingia, nikahesabu tena tulipokaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nafasi zilikuwa nane. Mwenyekiti, mstaafu mpole mwenye sweta, akauliza nani anataka.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Mimi." Akaandikwa.

Msaidizi wa mbunge, bwana wa makamo aliyevaa skafu, naye akanyoosha. "Mimi." Akaandikwa.

Sisi mikono chini. Kwetu mtu anayejitaja mwenyewe kwenye uongozi ndiye wa kwanza kuchunguzwa. Nilikuwa nasubiri mwenyekiti aseme sasa tupokee mapendekezo, niinuke nifunge kifungo cha koti, nianze.

"Kaka, utaongea lini?" dada akaninong'oneza.

"Nasubiri tuulizwe."

"Hawa hawaulizi. Wako sita tayari."

Wakawa saba. Wakawa wanane. Mwenyekiti akatushukuru sote kwa kuja.

Nikasimama, koti wazi. "Mwenyekiti, orodha imejaa au imefungwa?"

"Imejaa."

"Nani ametoa hoja ifungwe?"

Akatazama kanuni zake, kwa haki kabisa, akakiri hakuna. Wakizidi nafasi, akasema, itapigwa kura ya siri. Nikaanza kumpendekeza dada, nikafika kwenye tabia yake njema, akanikatiza kwa upole: je, mwenyewe anataka?

Chumba kizima kikamgeukia. Msaidizi wa mbunge akainama karibu yetu, akasema kuna nafasi za wajumbe wa akiba, hazina ushindani, tungemaliza mapema. Nikamjibu kwamba mjumbe wa akiba ni mgeni anayealikwa harusini akae jikoni.

"Wewe nyamaza," dada akaniambia kwa Kiswahili. Kisha akasimama, akasema kwa Kiingereza, "Nataka. Wanaondoa basi la Jumapili. Nalitumia kwenda kazini. Mbunge hajawahi kutuuliza. Nataka kiti." Akakaa, akavuta skafu yake hadi puani.

Karatasi ilikuwa inaruhusu majina hadi manane. Kuruhusu si kulazimisha. Sisi tukaandika moja, tusiwaongezee wengine kura.

Zilipohesabiwa alikuwa na kura kumi na nane. Nikadhani wamekosea, nikaomba zihesabiwe upya, na wenzangu wakanikanyaga miguu wakidhani nimewageuka. Kumi na nane. Wanne wa upande ule walikuwa wamempigia dada. Bibi mmoja mwenye fimbo, mwenyeji wa zamani, akapita karibu yetu na kusema lile basi ndilo linalompeleka kanisani. Aliyeanguka ni bwana wa skafu.

Wiki hiyohiyo mbunge akapanda ngazi zetu. Alibisha kwa dada, akakaa hadi chai, akaomba amuunge mkono kwenye mkutano wa wajumbe. Kuhusu lile basi, akasema, analifikiria sana.

"Fikiria ukiwa kituoni," dada akamwambia. "Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi."

Alikuja. Nami nilikuwepo, sikutaka kusimuliwa. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope, na basi likachelewa. Mbunge akauliza kama kawaida huchelewa hivi.

"Hili bado lipo," dada akasema. "Mimi nakuuliza kuhusu litakapokuwa halipo."

"Nitalipigania."

"Hapa tuko watatu. Utasema mkutanoni, kwenye kipaza sauti. Mimi nitakuwa nimekaa mbele."

Mkutanoni alianza na shukrani, akaingia kwenye shule, akaingia kwenye maziwa na mito. Dada alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani. Wajumbe wenzake walikuwa wameshanyoosha yao juu kuonyesha wanamuidhinisha. Mbunge akamtazama, akasema: basi la Jumapili halitaondolewa mtaani kwetu bila yeye kusimama bungeni kulipinga, na waandishi wa habari waandike.

Dada akasubiri waandike. Ndipo akanyoosha mkono.