Brashi ya Debe

Hadi leo nikinusa maziwa yaliyochacha, ulimi wangu hukimbilia pengo lililo nyuma ya shavu la kushoto. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa adui wa nyumba yetu kule Mweiga. Baba alifuga ng'ombe watatu, na kila asubuhi aliingiza pua ndani ya debe la maziwa, akanusa, akasugua, akanusa tena. Kwenye kituo cha kupokea maziwa palikuwa na bwana mmoja mwembamba aliyefunua kila debe na kunusa, na maziwa yakinuka hata kidogo yalirudishwa nyumbani mbele ya majirani. Aibu iliyoje! Kwa hiyo debe lilikuwa na maji yake ya moto, sabuni yake na brashi zake mbili, kubwa ya tumboni na ndogo ya kingo za mfuniko. Sisi watu sita tulikuwa na mswaki mmoja.

Naam, mmoja. Ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, nyuzi zake zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Aliutumia Baba kwanza, kisha mama yetu, kisha kaka zangu watatu, na mwisho mimi kitindamimba. Ulinifikia ukiwa bado na joto la midomo mitano. Mara nyingi nilikuta ganda la harage la githeri, yale mahindi na maharage ya jana, limenasa katikati ya nyuzi, limelowa mate ya kaka yangu Mwangi. Ptuu! Nilikuwa naupitisha mbele ya midomo bila kuugusisha, natema mate ya uongo, naurudisha msumarini. Ati nimepiga mswaki. Mama aliridhika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuchungulia mdomoni.

Gego langu likaanza kutoboka. Nikawa natafunia upande mmoja na kunyamaza, maana jirani yetu alisifika kwa kung'oa meno ya watoto kwa koleo ya kukatia waya. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Nilijua kwamba jino bovu linataka kusafishwa, nikatazama huku na huku, nikaona kwamba kitu safi kuliko vyote pale nyumbani ni ile brashi ndogo ya debe. Kila jioni nikitoka shule nilijificha nyuma ya zizi nikaitia mdomoni. Siku ya tano ufizi ulipasuka. Usaha wa uvuguvugu ulinijaa ulimini, mchungu, na uvundo wake ulinipanda puani hadi nikatapika. Nikaisuuza brashi upesi upesi kwa maji baridi na kuirudisha mahali pake.

Asubuhi iliyofuata kuni zilikuwa zimelowa mvua. Baba hakungoja maji ya moto, alisugua mfuniko vivyo hivyo akaenda bila kuunusa. Alirudi mapema, debe likiwa bado limejaa.

"Maziwa imerudishwa," alisema.

"Haiya! Kwani uliweka nini?" Mama akauliza.

Baba alinusa debe, likawa sawa. Alinusa mfuniko, akakunja uso. Kisha akaitwaa brashi ndogo, akanusa. "Hii inanuka mdomo ya mtu," akasema, na macho yake yakatua kwenye shavu langu lililovimba. "Mama, kuja hapa." Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Fungua."

Nikafungua. Pua ile hodari iliingia, na Baba akaruka nyuma, akatema mate chini. Sijasahau sura yake hadi leo. "Ngai! Mimi nanusa debe na mtoto wangu anaoza!" Maziwa yale tulimmwagia mbwa, ambaye peke yake hakuona kinyaa.

Siku hiyo hiyo gego liling'olewa mjini Nyeri, na Baba akarudi na miswaki sita, kila mmoja na rangi yake. Tangu hapo, kila asubuhi akishamaliza debe, alitupanga foleni, Mama akiwemo, akatunusa midomo. "Imepita," alisema, au "Imerudishwa," na ukirudishwa ulirudi kwenye karai kuanza upya. Ila yeye mwenyewe hakunuswa na mtu. Nyani haoni kundule, na nani angethubutu kumwambia?

Sasa Baba anaishi kwangu, hapa mjini. Watoto wangu kila mmoja ana mswaki wake na kikombe chake, na wakisikia habari za ule wa msumarini wanaziba midomo. Babu yao amebakiwa na meno manne ya kahawia, na chakula hulala kwenye fizi zake hadi kinachacha. Juzi binti yangu aliinua sahani akaenda kulia chakula chake jikoni. Baba aliona. Tangu siku hiyo kila tukiandaa meza anasema hana njaa, na mzee anakonda.

Leo asubuhi nilimketisha kando ya karai, mswaki wake mkononi mwangu. "Fungua, Baba." Nikainama, nikanusa. Niliruka nyuma kabla sijajizuia, kama yeye siku ile. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama," akauliza polepole, "imerudishwa?"

Yeye hakuwahi kutudanganya. "Imerudishwa, Baba," nikamwambia. Akaondoa kiganja, akafungua mdomo tena, mpana. Nikaziba pumzi, nikaanza kusugua.