Mama Kisosi na Kona Mbovu ya Chipu

Mama Kisosi, fundi wa maabara yetu, hagusi kitu kabla ya kuvua saa na pete, kuziweka kwenye kisosi chake, kisha kushika mguu wa chuma wa meza ili umeme wa mwilini umtoke. Sisi wenye digrii husahau. Chipu ya kompyuta tunayoitafiti ukiiandikia programu upya, njia zake za ndani hujipanga upya: asubuhi inachuja sauti, mchana inahesabu mapigo ya moyo. Yeye huiita "mwanangu", huipapasa kwa mgongo wa kidole kama anayepima homa, na huchora ramani yake kwa penseli kwenye daftari la visanduku.

Jumatatu, saa moja kabla ya wageni kufika kuiona ikifanya kazi, chipu ilisoma mapigo mia tatu kwa dakika kwa mtu aliyeketi kimya. "Imekufa," alisema Profesa, mkuu wetu, mikono kichwani. "Kupata mpya ni miezi mitatu!" Mama Kisosi aliipapasa, akapaka visanduku vinne vya ramani yake rangi nyeusi. "Kona hii tu ndiyo inaunguza, baba. Kazi tumeipanga pabovu. Naihamisha." Akachora njia za kuikwepa kona ile, akaiandikia chipu upya, akanywa chai yake.

Mbele ya wageni, Profesa aliweka kidole chake mwenyewe kwenye kipimo cha chipu. Mia na ishirini. "Bado mbovu," alininong'oneza, jasho likimtoka. Mama Kisosi alimshika kifundo cha mkono, akahesabu huku akiitazama saa ya ukutani. "Mia na ishirini," akatangaza chumba kizima kikasikia. "Mwanangu hajakosea, baba. Ni moyo wako unakimbia. Hebu pumua." Profesa akapumua, na namba zikashuka: mia, tisini, themanini. Makofi yalipolipuka, Mama Kisosi alikuwa anavaa pete yake.