Shaba ya Namnyaki

Silantoi wa Kisongo alijaliwa mambo mawili: mgongo usiochoka kuinama, na shemeji aitwaye Lemomo. Hilo la pili hakuliomba. Tangu afiwe na mumewe alilima kipande cha shamba nyuma ya boma, na kila msimu Lemomo alipita kumkumbusha kwamba kipande kile ni cha ukoo, yeye kahifadhiwa tu. Alikuwa na huruma sana Lemomo. Alimwachia mjane palizi yote, akajitokeza siku ya mavuno.

Binti yake, Namnyaki, aliamua kuwa mkimbiaji. Ndugu walicheka mpaka basi: msichana mzima anatimua vumbi kila asubuhi na hakuna ng'ombe aliyepotea. Alipoteuliwa kwenda kwenye michezo ya bara zima la Afrika, ghafla ikajulikana kwamba wote walimlea.

Siku ya mbio walikusanyika kwa Lemomo, maana redio yenye sauti ni yake. Wengi wao Kiswahili walikijulia mnadani, cha kuulizia bei ya mbuzi, na mtangazaji alikuwa akienda kasi kuliko wanariadha. Mara akapaza sauti kwamba Namnyaki ameipatia nchi kitu fulani, redio ikakoroma.

"Amepata nini?" Silantoi aliuliza.

"Shamba," alisema Lemomo, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukosea mbele ya wanawake.

Silantoi akakaa chini palepale, akalia kwa furaha bila kuficha uso.

Jumapili Lemomo alisimama kanisani kutoa shukrani. Kipaza sauti alikipenda sana. Akaueleza usharika wote kwamba Mungu amempa mjane wa kaka yake shamba, na mtu yeyote asithubutu kumgusa humo. Watu wakaitikia amina. Mchungaji Elifuraha akaliombea shamba lisije likaingia mgogoro wa mipaka. Ibada ilipokwisha, Lemomo akamvuta Silantoi pembeni.

"Shemeji, sasa una lako. Kile kipande nitakilima mwenyewe msimu huu."

"Hilo langu liko wapi?"

"Serikali itakuonyesha."

Silantoi akakubali.

Namnyaki alirudi baada ya kupigishwa picha mjini Arusha na waheshimiwa waliovaa suti, kila mmoja akimweleza jinsi alivyohangaika ili yeye ashinde. Mama yake hakungoja hata anywe chai.

"Shamba umeliona? Lina maji?"

"Shamba gani, yeyo?"

"Ulilopata."

Namnyaki akavua medali, akamwekea kiganjani. "Nimepata shaba. Nilikuwa wa tatu."

Silantoi aliigeuza huku na huku. Ilikuwa nzito na ya kupendeza, ila haikuonekana kitu cha kuotesha hata mchicha. Akamkumbatia mwanawe, akamsifu kwa moyo wote, maana kuwa wa tatu Afrika nzima si mchezo. Lakini macho yake yalikwenda mawinguni. Mvua ilikuwa inakaribia, naye hakuwa na pa kupanda.

Kesho yake Lemomo alimkuta nyuma ya boma, anapiga jembe.

"Shemeji, tulikubaliana. Una shamba lako."

"Ndilo hili."

"Redioni walisema shaba. Namnyaki kanionyesha medali."

"Mimi Kiswahili kinanipiga chenga, shemeji. Nilisikia kwako, na kanisa zima lilisikia kwako. Kama Mungu hakunipa shamba, Jumapili simama tena uwaambie."

Lemomo akatupa jicho njiani, kuona kama kuna anayewasikia. Mchungaji Elifuraha alikuwa akipita na pikipiki yake. Akapunguza mwendo, akasimama.

"Mama Namnyaki, hongera sana. Kumbe shamba lenyewe ndilo hili?"

Silantoi aliegemea mpini wa jembe, akamgeukia shemeji yake, akamsubiri.

"Ndilo, Mchungaji," akasema Lemomo.