Mpira wa Kusikilizia Kabureta

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika karakana ya Temeke asubuhi na mapema, nimevaa ovaroli ambayo mama alikuwa ameipiga pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, nikaenda kuripoti kwa Mkuu wa Karakana. Alikuwa ameinamia pikipiki moja ya matarishi wa ofisi na hakuinua kichwa. Alinipa kipande cha mpira mweusi, wa aina ileile inayopitisha petroli, akaniambia niweke ncha moja sikioni.

"Leo hushiki kitu, kijana," alisema. "Leo unasikiliza."

Ncha ya pili aliiweka mwenyewe kwenye mdomo wa kabureta. Kwa ninyi mliokulia kwenye injini zinazopimiwa kila kitu na kompyuta, kabureta ni kile kikombe cha chuma kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Ikivuta hewa inatoa mvumo, na mvumo huo unasema mengi kwa anayejua kuusikia. Mkuu alishinda asubuhi nzima akikaza na kulegeza skrubu ndogo, huku akiniuliza: "Imepanda au imeshuka?" Nikikosea, anasema, "Rudia." Mchana nilitoka kwenda kula sikio likiwa jekundu, na hasira zimenijaa, maana nilikuja kuwa fundi nikashindishwa kama mgonjwa wa masikio.

Nje ya geti kulikuwa na binti anauza chai na vitumbua. Aliliona lile sikio langu akaacha kumimina chai.

"Wamekupiga?"

"Nimesikiliza," nikamjibu.

Alicheka mpaka akaweka birika chini. Huyo ndiye Zaituni, mke wangu, kwa hiyo msishangae akiingia mara kwa mara kwenye habari za pikipiki. Tangu wiki ile chai yake ilikuwa ikinifikia wakati uleule ninapoanza kufuta mikono, haijapoa wala haiunguzi, na mimi kwa miaka mingi niliamini ni bahati yangu tu.

Mkuu alikuwa mtu wa Upareni, mrefu, wa maneno machache, aliyekula chakula chake amesimama. Karakana yake ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni kwamba hugusi skrubu kabla hujasikiliza. Ya pili ilikuwa desturi yake mwenyewe, sijaiona kwingine kokote: fundi aliyeifunga pikipiki ndiye anayeijaribu, na anaijaribu akiwa amempakia mtu wake. Siyo mzigo, siyo fundi mwenzake. Mtu wake hasa.

"Kama huwezi kumpakia mtu unayempenda," alikuwa akituambia, "hujamaliza kazi. Irudishe ndani."

Basi jioni pale getini ungekuta mke wa mtu, au kaka wa mtu, amekuja kupakiwa. Mkuu mwenyewe alimpakia binti yake, Neema, akiwa bado na sare za shule, na mtoto yule alicheka mtaa mzima mpaka akapata kwikwi. Nilipomuoa Zaituni wenzangu wote walikaa mkao wa kusubiri. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema, "Wewe ndo umesikia. Mie sijasikia kitu. Kampakie aliyesikia." Nikampakia mdogo wangu siku hiyo, na siku nyingine zote zilizofuata. Zaituni hakupanda. Kila nikimbembeleza jibu lilikuwa lilelile, na kicheko kilekile.

Sasa niwaambie habari za ile nyekundu. Mkuu aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa pikipiki ya mbio, usukani wake uko chini hata mwendeshaji anainama kama anayetafuta sarafu iliyodondoka, na ubavuni imefunikwa kava la plastiki. Injini yake ina silinda nne, na kila silinda ina kabureta yake. Hapo ndipo kazi ilipo. Midomo minne lazima ivute hewa sawasawa. Mmoja ukivuta zaidi ya wenzake, injini inatetemeka, inakula petroli bure, na ukiongeza moto inasitasita. Kuna mashine za kupimia jambo hilo. Sisi tulikuwa na mpira. Unasikiliza wa kwanza, unasikiliza wa pili, unagusa skrubu kidogo sana, unarudi wa kwanza, mpaka mvumo wa yote minne uwe mmoja.

Mkuu aliipenda pikipiki ile kupita kiasi, na mapenzi hayo yalimponza. Siku moja alikwenda kuinunulia oili ya gari, ile ya gharama, ya hali ya juu kabisa. Sasa kwenye pikipiki ya namna hii klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina utelezi ambao klachi hiyo haiuwezi. Akatoka nayo Barabara ya Kilwa kifua mbele. Tulisikia injini ikipiga kelele kwa mbali, pikipiki yenyewe ikitembea mwendo wa baiskeli. Alirudi anaisukuma, jasho linamtiririka.

"Nimeipa kilicho bora," alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Hakuna aliyecheka. Tulimwaga ile oili, tukaifungua klachi na kuisafisha, na tangu siku hiyo Mkuu akaanza kuuliza kwanza kabla ya kununua.

Karakana ilipofungwa tulitawanyika. Mimi nilipata kazi Buguruni, kwa bosi mmoja ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka na kila kitu chake kilikuwa nyundo. "Hamisi, gonga itoke, mteja yupo hapa!" Palipovuja oili tulipaka gundi, na ikivuja tena tuliongeza gundi. Gereji ilikuwa kando ya soko, na kelele zilikuwa nyingi hata nilisikiliza kabureta na mpira kwenye sikio moja, kidole kwenye sikio la pili, na vijana wa gereji wakaniita daktari. Nilivumilia mpaka nikaweza kufungua pangu Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro. Zaituni akahamishia birika lake huko. Miaka yote ya Manzese ilikuwa ya bodaboda, pikipiki za silinda moja na kabureta moja, injini zenye roho ngumu ambazo ukizifanyia usafi wa kawaida zinakulea.

Ila ile nyekundu ilikuwa ikija. Mkuu alikuwa amestaafu na kujenga Tegeta, na mara kwa mara alikatiza foleni zote zile, mvi zimemtoka chini ya helmeti, kuja kwangu kufanyiwa sevisi. Alikaa juu ya tairi, nikafanya kazi, halafu akanyoosha mkono nimpe mpira. Alisikiliza mdomo mmoja mmoja. Kisha alinirudishia bila kusema neno, akapokea chai kwa Zaituni. Sijawahi kupata cheti chochote maishani, na sikukihitaji kwa sababu ya ule ukimya wake.

Masikio yangu yalianza kuniacha taratibu. Kwanza niliacha kusikia ndege, halafu simu, halafu wajukuu. Daktari alisema ni kelele za injini za maisha yote, na usikivu ukishapotea haurudi. Nikafunga gereji Manzese nikakaa nyumbani, Mtoni, na sikumweleza mtu sababu. Nilisema magoti.

Mkuu alifariki baada ya hapo. Haukupita muda mrefu, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikasimama mlangoni kwangu, ile nyekundu imefungwa kamba nyuma yake, vumbi hadi kwenye kiti. Akashuka Neema, yule wa kwikwi, sasa ni mwalimu na mtu mzima mwenye watoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu kidogo."

"Kaka zangu wanataka kujenga pale ilipokuwa imekaa," alisema, karibu na uso wangu. "Wamesema isipowaka vizuri, wanaita watu wa vyuma chakavu. Mafundi niliowapelekea kule Tegeta wanasema haina dawa. Mie najua kuiendesha, baba alinifundisha. Naomba usiniambie haiwezekani."

Ningeweza kumwambia hali yangu pale pale. Nilitazama ule usukani ulioinama, nikamwona Mkuu, na nikasema iteremsheni.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Petroli iliyokaa kwenye tangi ilikuwa imeoza, inanuka kama rangi ya mbao, na ndani kuna kutu. Tulitia nati kuukuu na mafuta ya taa, mimi nikashika upande huu na Zaituni upande ule, tukalitikisa tangi kama wanaochekecha unga, kutu ikatoka. Breki zilikuwa zimegandiana, nikazifungua na kuweka sili mpya za kuzuia kuvuja. Matairi yalikuwa na meno mengi yanadanganya macho, lakini mpira wake umekuwa mgumu kwa uzee, nikayatupa. Ndani ya kabureta kuna vitundu vidogo mno vinavyopitisha petroli, na mafundi wale wa kwanza walitaka kuvizibua kwa waya. Bahati nzuri hawakufika mbali. Waya unavitanua, na kitundu kikishatanuka hakirudi. Niliviloweka kwenye dawa, nikapuliza kwa upepo, nikaloweka tena mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

Injini iliwaka. Ikawa inatetemeka, kama nilivyotegemea. Nikachukua mpira wangu, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza.

Sikusikia kitu. Nikahamisha sikio. Nikasogea mdomo wa pili, wa tatu. Nilikuwa naona kava linatetemeka mbele ya macho yangu, na kwenye mpira hakuna chochote. Nikazima injini nikakaa chini uani, nikalia. Nililia kwa ajili ya Neema, kwa ajili ya Mkuu, na kwa ajili yangu pia, sitaficha. Kazi yangu yote ilianza na mpira ule, na sasa ulikuwa mpira tu.

Zaituni akatoka jikoni. Aliuchukua mpira mkononi mwangu, akavuta kigoda, akasogeza mtandio nyuma ya sikio.

"Washa."

"Mama Mwanaidi, wewe hii kazi huijui."

Akaja mbele yangu niweze kumwona mdomo. "Baba Mwanaidi, mie nimeuza chai mlangoni kwenu ujana wangu wote. Unadhani nilikuwa najuaje saa ya kukuletea? Nilikuwa naisikia imekaa sawa kabla wewe hujaizima. Ikikaa sawa tu, namimina."

Nilimtazama mke wangu. Nilikuwa nimekunywa chai ile maisha yangu yote bila kuuliza.

Tukakubaliana ishara, maana injini ikiwaka mimi simsikii. Atanigonga mkono kwa kidole: mara moja ni bado, mara mbili ni sawa. Mimi nikashika bisibisi, yeye mpira. Akasikiliza wa kwanza, akafumba macho, akaenda wa pili. Akanigonga mara moja. Nikageuza kidogo. Mara moja tena. Nilijaribu kumharakisha akanikazia jicho, jicho la Mkuu kabisa, nikatulia. Chai iliyokuwa jikoni ilichemka hadi ikakauka. Mwisho akapita midomo yote minne, akarudi kwenye wa kwanza, akagonga mara mbili. Nikaweka kiganja juu ya tangi. Lilikuwa limetulia.

Neema alipokuja tuliiwasha akiwa bado yuko kwenye geti. Akasimama pale pale akaweka mikono mdomoni. "Ndiyo yenyewe," alisema, na haya Zaituni ndiye aliyenisimulia baadaye. "Hivi ndivyo alivyokuwa anasikika akirudi nyumbani." Kisha akafuta macho akaniuliza kwa sauti kubwa, "Baba, na sheria ya mzee? Nani anapakiwa?"

Ninyi mnaosoma na mnaoingia kazini sasa, mtakuwa na mashine za kupimia kila kitu, na mzitumie, si dhambi. Nawaomba tu ile sheria ya pili muihifadhi. Kuna mengi nimeyasahau katika kazi hii, lakini najua kwa nini mikono yangu ilikaza kila nati mara ya pili.

Nilidhani nitampakia Neema. Nikamgeukia, na nyuma yake nikamwona Zaituni anatoka chumbani, amevaa suruali yangu ya kazi chini ya gauni, helmeti ya Mkuu, iliyoletwa pamoja na pikipiki, imempwaya kichwani.

"Leo nimesikia mwenyewe," alisema, akinisogelea nimwone mdomo.

Tukatoka. Viganja viliniuma kwa kule kuinama na magoti yakanikumbusha kwamba sikuwa nimewadanganya watu kabisa. Injini sikuisikia, ila niliihisi kwenye mapaja, imetulia kama ilivyotakiwa. Mtaa wetu ni wa mchanga mpaka unapokutana na lami, na pale kwenye lami nilisita, mguu mmoja chini, kwa sababu nilikuwa nimembeba mtu wangu.

Kidole chake kikanigonga mgongoni mara mbili, nikaongeza moto.