Kibuyu Kilichokataa Kuvuma

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, siku ambayo bibi yangu, tuliyemwita Susu, alimkabidhi mdogo wangu Mwende kibuyu cha ramli mbele ya macho yangu. Tuliishi Wamunyu, nyuma ya karakana za wachongaji, na vumbi la mbao lilitufuata hadi kwenye uji.

Ujue kwanza kwamba kwetu mganga wa ramli huzaliwa. Mwende alitoka tumboni amekunja ngumi, na mkunga alipoifungua akakuta mbegu ndani yake. Mimi nilizaliwa mikono mitupu. Lakini ni mimi niliyechimba mizizi. Ni mimi niliyejua nyimbo zote, niliyefagia ile ngozi ya ng'ombe ambayo mbegu humwagwa juu yake. Mwende hakuweza hata kutofautisha dawa na kuni. Wivu ulinikaa kooni kama pumba za mtama.

Kwa hiyo nikajifanya siamini chochote. "Mbegu ni mbegu," niliwaambia watu waliokuwa wakingoja zamu mlangoni. "Zikipikwa zinaliwa." Walicheka kwa woga, maana hata kabla ya siku hiyo wote walikuwa wamesikia mbegu zikivuma kama nyuki mzingani kila Mwende alipojaribu kibuyu. Nami nilizisikia. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi siku hiyohiyo akaja Mutua mchongaji, tezo lake la kuchongea limening'inia begani, amembeba bintiye mdogo.

"Susu, niko na mtoto mgonjwa. Hali, hachezi. Ni nani ananiroga?"

Kabla Mwende hajaketi vizuri, nilimpokonya kibuyu. Nilipompita yule mtoto mkono wangu ulimgusa shingoni. Alikuwa wa moto kama jiwe la mekoni. Nikakitikisa kibuyu. Kililia kama kibuyu chochote chenye maharagwe. Sikujali. Nikamwaga mbegu, nikakunja uso, nikasema:

"Ni mke wa ndugu yako. Anakuonea kijicho."

Mutua akamlaza mtoto kwenye ngozi, akashika tezo, akaelekea mlangoni.

"Keti, Mutua," Susu alisema, wala hakupaza sauti. "Mbegu hazijasema kitu. Huyu mjukuu wangu anajisema mwenyewe."

Mwende akazikusanya viganjani, maana kibuyu nilikuwa bado nimekishika, akazitikisa, zikavuma hadi kuku wakanyamaza uani. Akasikiliza, kichwa upande.

"Zinasema hakuna adui. Mtoto ana homa. Mkimbize zahanati."

Nikacheka kwa dharau. "Hiyo tu? Hata mimi ningesema hivyo!"

Susu akanigeukia. "Basi mbona hukusema?"

Susu alinishika vidole, akavifungua kimoja kimoja kutoka kwenye kibuyu.

"Mwenzako alikuja duniani ameshika mbegu, kazi yake ni kuzisikiliza. Mikono yako hii iko wazi, na ndiyo iliyoujua moto wa mtoto kabla ya sisi sote. Mbebe."

Akanitemea mate ya baraka viganjani. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikatangulia njia ya zahanati, joto lake likinichoma uti wa mgongo. Mutua alinifuata, tezo ameliacha kwa Susu. Mtoto alipona. Leo ana wajukuu, na tukikutana sokoni huniita mama.

Nakwambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukimcheka binamu yako, ukisema picha anazochora si kitu, simu ndiyo humfanyia kazi. Niliitambua sauti hiyo. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi pale mlangoni kwa Susu.

Usikidharau hadharani kile unachokitamani moyoni. Na wivu ukikushika, usimtajie mtu adui yake, kwa maana siku hiyo macho yako hayaoni mwingine ila wewe mwenyewe. Ukweli ambao mkono wako umeugusa, useme, hata kama sifa zitamwendea mwenzako. Mtoto mwenye homa hajali ni nani aliyesifiwa.

Sasa sogea. Nipe viganja vyako nivitemee mate, kama nilivyotemewa. Visikunjwe ngumi kwa ajili ya cha mtu. Viwe vya baridi kwenye paji la kila mwenye homa utakayekutana naye, na siku moja mtoto usiyemzaa wewe akuite mama.