Bi Ruqaya na Mwito wa Tatu

Kwetu Singida ukimwona mtu anapanda mlima alfajiri, ujue anafuata kuni, mbuzi au mganga. Hapa Maskati nimekuta watu wazima, wenye magari ya maana, wanaamka kabla ya jua siku ya Ijumaa, siku ya mapumziko, waende kutembea juu ya mawe. Hawatafuti kitu. Wanapanda, wanashuka upande wa pili, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani wakisifiana. Mara ya kwanza nilipoambiwa niende nao nilidhani mama Kheiria, bosi wangu, ananitania.

Hakuwa akinitania. Jirani yake hapa Sib, Bi Ruqaya, alikuwa amefiwa na mume na alikataa katakata kuacha matembezi. Mama Kheiria aliogopa kumwacha mtu wa umri ule apande majabali bila mwanamke mwenzake. "Violeth, wewe una miguu," aliniambia. "Nenda naye. Chukua na chupa ya chai." Hivyo ndivyo Ijumaa yangu ilivyokwenda na maji. Wiki za mwanzo nilinuna, nasema kweli. Baadaye nikampenda yule mama, nikaacha kununa.

Bi Ruqaya alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana, akapata kazi katika chumba cha simu cha ofisi moja, enzi zile watu walipokuwa wakiunganishwa kwa mkono. Alikaa kwenye kiti hicho hadi akastaafu. Ni mfupi, mwembamba, ana ulimi wa kutania, na ole wako umshike mkono kwenye mteremko. Simu yake ikilia mara moja tu, ameshaipokea. Lakini ukimwita kwa mdomo, hata ukiwa umesimama mlangoni pake, haitiki. Ukiita tena, kimya. Ukiita mara ya tatu ndipo utamsikia, "Labeka!" kwa sauti ya kisichana.

Mumewe, Bwana Humam, sikumkuta. Ndiye aliyeanzisha kundi la Ijumaa. Ujanani alipelekwa kusomea mambo ya maji kaskazini mwa Uingereza, na huko akakuta watu wanatembea kwa makundi kwenye vilima vya kondoo kila Jumapili, mvua inawanyeshea nao wamefurahi. Alirudi na tabia hiyo, na utaratibu wake wote. Kundi lazima liwe na mtu wa mbele anayejua njia, na mtu wa nyuma kabisa ambaye hakuna anayebaki nyuma yake. Huyo wa nyuma akionekana, wote wameonekana. Sisi tunamwita mkia. Na ukipotea, kaa ulipo. Usizunguke, usipige kelele, maana majabali yanarudisha sauti na kuwapoteza wanaokutafuta. Subiri uitwe, kisha uitike.

Mkia wake alikuwa mkewe. Wazee wa kundi wanasimulia kwamba kila kona Bwana Humam alisimama mbele akaita, "Ruqa! Ruqa! Ruqa!" na kutoka nyuma huko sauti yake ikajibu, "Labeka, Humam!" ndipo wakaendelea. Hakuna mwingine aliyemwita Ruqa. Watu walicheka, wakasema wazee hawa wanakuja kupendana milimani.

Siku moja tumekaa kwenye mlima juu ya kijiji cha Qantab, bahari iko chini, nikamuuliza kwa nini mpaka mara tatu.

"Bibi yangu katufunza," alisema. "Ukiitwa mahali pasipo watu, usiitike mpaka mwito wa tatu. Wale wengine huita mara mbili tu, ya tatu hawaiwezi. Ukiwaitika, ushakwenda nao."

"Na nyumbani je, Bi Ruqaya? Nyumbani si kuna watu?"

"Nyumbani yalikuwa madaha yangu tu." Akacheka, halafu kicheko kikamkauka. "Siku ile alikuwa juu ya paa, anatazama tangi la maji. Miye jikoni, nnakaanga samaki. Kaniita, 'Ruqa!' Nikanyamaza. Kaniita tena. Nikasema moyoni, nnangoja ya tatu, bwana, usininyime raha yangu. Haikuja. Nikageuza samaki. Nilipokwenda juu nikamkuta kalala, mkono upo kwenye mfuniko wa tangi."

Nikammiminia chai.

"Daktari kasema ni moyo, nisingewahi," aliendelea. "Haya, nimekubali. Lakini kuna kitu kimoja nataka kukijua, Violeth, na hakuna wa kunambia. Kanyamaza kwa kuwa kafa, au kanyamaza kwa kunikasirikia? Kaondoka ana hasira na miye?"

Aliuliza hivyo huku akinitazama usoni, kana kwamba mimi msaidizi wa nyumbani nina jibu. Kwa miaka minne mama huyu alikuwa akilala na swali hilo na kuamka nalo, na alikuwa akipanda majabali nalo.

Baada ya Bwana Humam, kundi linaongozwa na Loay, mhandisi kijana, mtoto wa rafiki yake. Loay haiti watu kwa majina. Ana filimbi. Kwenye kona anapuliza, mkia unainua fimbo, yamekwisha. Lakini nilianza kugundua kwamba Bi Ruqaya akiinua fimbo hajongei mara moja. Anabaki amesimama kidogo, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Siku moja nikageuka nimtazame vizuri, nikaona hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anaiangalia njia tuliyotoka, ambako hapakuwa na mtu.

Mimi ni Mlutheri, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mashetani ya watu wa pwani huwa nawaachia wenyewe. Hata hivyo nywele zilinisimama.

Ijumaa ninayotaka kuisema ilikuwa ya mwezi wa pili. Kulikuwa na mawingu, wengi wakaghairi. Loay akasema mvua ni ya jioni, asubuhi tutawahi kwenda na kurudi. Tuliacha magari nyuma ya gereji za mtaa wa Wadi Kabir, tukashika njia ya kuvuka majabali kwenda Qantab. Kwa muda tulisikia nyundo za mafundi chini yetu, kisha tukapinda, na nyundo zikakoma ghafla. Mawingu yalishuka mpaka yakakalia vilele. Mawe ya kule ni ya rangi ya kutu, na bila jua yakawa meusi. Hatukuona mbuzi hata mmoja, wala ndege. Tukizungumza, maneno yetu yalirudi kutoka ng'ambo yamechelewa kidogo, na mmoja baada ya mwingine tukaacha kuzungumza.

Nilikuwa nyuma pamoja na Bi Ruqaya, akanisukuma kwa fimbo. "Tangulia huko. Mkia hauna mkia wake." Nikatangulia. Najilaumu? Hapana, ndivyo alivyotaka, na hakuna aliyewahi kumshinda.

Kwenye kona ya juu Loay akapuliza filimbi. Tukatazama nyuma tuione fimbo ikiinuka. Haikuinuka. Akapuliza tena. Njia ilikuwa tupu, na ukungu ulikuwa unaivuka taratibu.

Hapo ndipo tuliposikia ngurumo, mbali, upande wa bara. Uso wa Loay ukabadilika. Hata mimi, mgeni, nimeshakaa hapa kiasi cha kuelewa. Mvua ikipiga juu milimani, wadi, yaani bonde kavu la mto, itashuka kwa mafuriko, hata kama ulipo wewe pakavu kabisa. Maji huja bila kubisha hodi. Loay akawaambia wenzetu waendelee hadi Qantab wakangoje kijijini, na sisi wawili tukarudi mbio.

Palikuwa na mahali njia inagawanyika. Kulia ni njia yetu. Kushoto ni kijia cha mbuzi kinachotumbukia kwenye wadi nyembamba, kuta zake ndefu, zimepinda hivi kwamba ukiwa juu huioni sakafu. Upande wa pili wa mgongo wa jabali kuna wadi nyingine kama hiyo hiyo. Simu hazikuwa na mtandao. Loay akasimama ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akamwita mama mdogo kwa Kiarabu.

"Khala Ruqayaaa!"

Jabali likamrudishia sauti yake, kisha kimya.

"Khala Ruqayaaa!"

Tukasikiliza. Ngurumo ikapita tena, karibu zaidi. Matone mazito yakaanza kugonga mawe.

"Hayupo huku," Loay alisema. "Sauti inafika mpaka chini, angesikia angeitika. Yalla, twende wadi ya pili, dada Violeth, maji yatatuwahi."

"Mwite tena," nikamwambia. "Loay, mwite mara ya tatu!"

"Nimeshamwita! Tunapoteza wakati!" Alikuwa ameshageuka, anakimbia juu ya mgongo. Nikasema basi nitaita mwenyewe. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Naapa mbele ya Mungu kwamba sikuwa nimetoa sauti. Pumzi ilikuwa bado kifuani.

Chini kabisa, katika wadi ile ile, ikaitika.

"Labeka! Labeka, Humam!"

Sauti ilikuwa ya kisichana, ina furaha. Loay alisimama palepale alipofika, mguu mmoja hewani. Tukatazamana, kisha tukashuka kile kijia, tukiteleza, tukichunika mikono.

Tulimkuta ameketi juu ya jiwe katikati ya changarawe, mkoba mapajani, ametulia kama anangoja basi. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, ukungu ukapita, na alipoinuka akashika kijia cha mbuzi bila kujua. Alipoona amepotea akaketi, kama sheria ya mumewe inavyosema. Loay alimbeba mgongoni bila kuomba ruhusa, mimi nikisukuma kwa nyuma, na kwa mara ya kwanza hakutufokea. Tulikuwa tumefika juu ya mwamba tuliposikia muungurumo kwenye kona ya wadi. Maji ya rangi ya matope yalikuja na mawe, na matawi, na mlango mzima wa gari uliotoka sijui wapi. Lile jiwe alilokuwa amelikalia lilifunikwa. Fimbo yake, aliyokuwa ameiegemeza hapo, ilikwenda na maji.

Tulijibanza chini ya mwamba mwingine. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Bi Ruqaya alikuwa halii. Alikuwa anatabasamu, maji ya mvua yanamchuruzika puani.

"Nilisikia miito miwili," alisema. "Sauti ya kijana. Nikanyamaza, si mnanijua? Halafu pakawa kimya sana. Nikajua mmeondoka. Nikasema khalas, yamekwisha, nimerudia kosa langu lile lile, na safari hii nnakufa miye."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikaitwa ya tatu." Akamgeukia Loay. "Ni wewe uloniita?"

Loay alinitazama. Niliona anavyohangaika. "Ndiyo, khala," akasema. "Mimi."

"Umeniitaje?"

"Khala Ruqaya. Nimeita kwa nguvu."

Bi Ruqaya akampapasa shavu kama mtu anavyompapasa mtoto aliyesema uongo wa huruma. "La, mwanangu. Huyu kaniita Ruqa. Tena hakupiga kelele. Kaniita kama mtu alo juu ya paa anavyomwita mtu alo jikoni."

Mvua ikaendelea. Loay akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba majabali yale yana mwangwi wa ajabu, wakati mwingine huchelewa. Inawezekana. Yeye ni mhandisi. Lakini mwangwi hurudisha kilichosemwa, na pale juu hakuna aliyelisema jina lile.

"Hukuogopa kuitika?" nikamuuliza Bi Ruqaya.

"Niliogopa mno. Nikasema, kama ni wale wengine na wanichukue, lakini sitamnyamazia tena." Akavuta ushungi wake akajifuta uso, na ndipo machozi yalipomtoka, yote kwa pamoja. "Miaka minne, Violeth, nikidhani kanikasirikia. Kumbe alikuwa hajamaliza kuniita."

Nilimshika mkono, na safari hii alikubali kushikwa.

Nilidhani baada ya siku ile ataacha milima. Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni kwetu kabla ya adhana, na fimbo mpya. Bado ni mkia. Kimoja tu kimebadilika, na kundi zima limekiona ingawa hatukijadili. Sasa ukimwita Bi Ruqaya, anaitika mara ya kwanza. Hangoji ya pili wala ya tatu. Anasema ameshangoja vya kutosha, na kwamba aliyemwita akitaka kumchukua atamkuta tayari. Anasema hivyo akicheka, anakula kitumbua.

Mimi ndiye ninayetembea mbele yake. Ijumaa iliyopita tulikuwa tunashuka kuelekea Qantab, jua limeshatoka, watu wako mbali mbele, na mimi nipo kimya nawaza mambo yangu. Nyuma yangu nikamsikia akisema kwa upole, "Labeka."

Sikuwa nimemwita. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa. Nikasikia hatua zake juu ya changarawe, nyepesi, na fimbo yake. Kisha nyuma yake, pale ambapo hakuna anayebaki, nikasikia hatua nyingine nzito za mtu asiye na haraka.

Nikakumbatia chupa yangu ya chai na kuendelea kushuka.